Bodi ya shule yetu ya Kikatoliki imemwacha mshauri wa watoto nje ya bajeti, geti limo. Niseme nini Alhamisi?

Mama wa Kayole (Jumapili usiku)

Tumsifu Yesu Kristo. Na wasio wa kanisa letu, hamjambo.

Mkutano wa bodi ni Alhamisi saa nane mchana, kwa hiyo nitashukuru mkinijibu kabla ya hapo. Mimi ni mwakilishi wa wazazi wa Gredi ya 8, na tangu mwaka jana nimeingizwa kwenye bodi ya usimamizi ya shule yetu hapa Kayole, Nairobi. Jina lake sitalitaja. Ni shule ya umma, ya msingi na sekondari msingi ndani ya ua mmoja, na mfadhili wake ni Kanisa Katoliki. Watoto ni 1,140. Mimi nauza mitumba ya watoto soko la Gikomba, sijasomea uhasibu, lakini nikipewa karatasi yenye tarakimu naisoma mpaka mwisho.

Karatasi yenyewe iko hivi. Wazazi huchanga Sh500 kwa kila mtoto kila muhula. Muhula wa kwanza walilipa wazazi wa watoto 486 tu, yaani Sh243,000. Ukiongeza masalio ya mwaka jana, bodi ina Sh640,000 za kutumia hadi Desemba. Mgao wa serikali upo, Sh1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na Sh15,042 kwa wa sekondari msingi, lakini unafika kwa vipande na kwa kuchelewa, na kila shilingi inakuja na kazi yake. Hizi 640,000 ndizo tunazoweza kukaa tukaamua wenyewe. Rasimu inasema ukuta wa nyuma 290,000. Geti jipya lenye upinde na sanamu ya Bikira Maria, kwa ajili ya jubilei ya shule, 190,000. Walimu wawili walioajiriwa na bodi 160,000. Zimeisha.

Mshauri nasaha wetu hayumo. Kwa miaka miwili alilipwa na shirika moja la masista, na ufadhili huo umekwisha Aprili. Anaomba Sh18,000 kwa mwezi. Mei hadi Desemba ni 144,000. Mwenyekiti anasema ustawi wa watoto tumeshaushughulikia kwa sababu wanakula: wana mikanda ya Dishi na County, mpango wa chakula wa kaunti, mkononi, kwa shilingi 5 mtoto anapata chakula cha moto. Ni kweli, na mimi ni mmoja wa wanaoshukuru, maana najua asubuhi za kumtoa mtoto nyumbani na chai ya rangi peke yake. Lakini mtoto anaweza kushiba na bado asiseme neno.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alifariki Agosti 2023 kwenye barabara ya Mombasa. Mwanangu alikuwa Gredi ya 5. Alilia siku ya mazishi, kisha akanyamaza. Hakununa, alinyamaza. Darasani aliandika vizuri, lakini akiulizwa swali anatazama meza. Nyumbani alinijibu kwa kichwa. Nilimpeleka hospitali nikaambiwa masikio ni mazima na koo ni zima. Jumuiya yetu ilikuja kusali rozari siku tisa, na sala zile zilinibeba mimi, ila yeye alikaa mlangoni siku zote tisa ameshika kandambili za babake.

Mshauri alipokuja Januari 2024 hakumwita ofisini. Nyuma ya chumba chake kuna magunia kumi na mawili ya sukumawiki. Alimwambia, "Nisaidie kumwagilia, mgongo unaniuma." Wiki ya kwanza walimwagilia tu. Ya pili vilevile. Wiki ya tatu mwanangu akagusa jani akasema, "Hili lina wadudu." Mshauri alinipigia simu saa sita mchana, nikiwa katikati ya soko, kunisomea maneno hayo matatu. Nilikaa juu ya bale nikalia, na wateja wakadhani nimeibiwa.

Sasa yuko Gredi ya 8 na ana kelele kama wenzake. Na si yeye peke yake. Kuna watoto ambao habari zao siwezi kuziandika hapa.

Kwa hiyo nauliza. Sheria inanipa nafasi gani ya kusimama nikasema bajeti hii haiko sawa? Na nitasemaje mbele ya Paroko, ambaye ndiye aliyemzika mume wangu, bila kuonekana nagombana na Kanisa au nakataa sanamu ya Mama Maria? Nina sanamu yake juu ya kabati langu la nguo, namsalimu kila nikitoka. Tamasha la muziki nalo limeondolewa, Sh45,000, lakini hilo sijui hata nianzie wapi.

---

Mwalimu Mstaafu (Jumatatu asubuhi)

Milele na milele, amina. Pole kwa msiba, mama, hata kama miaka imepita.

Nimefundisha miaka 34 na nimekuwa mwalimu mkuu wa shule mbili hapa jijini, ya pili ikiwa ya mfadhili kama yenu. Nakujibu kama mtu aliyekaa upande ule mwingine wa meza.

Chukua Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ufungue kifungu cha 59. Hapo ndipo kazi za bodi zimeandikwa. Utakuta bodi inatakiwa kuhakikisha wanafunzi wote wanapata ushauri nasaha. Kazi hiyo imewekwa pamoja na kusimamia majengo, na pamoja na usalama na ustawi wa wanafunzi na wafanyakazi. Hakuna mahali pameandikwa jengo kwanza. Kifungu hichohicho kinairuhusu bodi kuajiri na kulipa wafanyakazi wasio walimu. Kwa hiyo mtu akikuambia mshauri si kazi ya bodi, msomee.

Kisha fungua kifungu cha 27, kinachohusu mfadhili. Zamani misheni ndizo zilizoendesha shule zao. Sheria ya Elimu ya 1968 ndiyo iliyoliweka kanisa kwenye nafasi ya ufadhili, serikali ikachukua usukani. Sheria ya sasa inampa mfadhili viti vitatu katika bodi na kumkabidhi malezi ya kiroho, bila kuwalazimisha wasio wa dini hiyo. Tena inamtaja kama mtu wa kusaidia kwa fedha na kwa majengo. Sasa tazama geti lenu. Upinde na sanamu ya jubilei ni jambo la kiroho na ni jengo. Hilo ni la parokia kwanza. Usiliseme kwa kumshtaki Paroko, muulize tu kwa heshima: "Padre, je, parokia inaweza kulibeba geti hili, ili mchango wa wazazi ubaki kwa watoto?" Nimewajua mapadre wengi. Wengi hawasomi rasimu hizi mpaka wafike mezani.

La tatu, ambalo ndilo lingenisumbua mimi kama ningekuwa bado ofisini. Mchango wa Sh500 uliidhinishwa kwa kazi gani? Michango katika shule ya umma inahitaji idhini, na risiti kwa kila anayelipa, na mtoto hafukuzwi kwa kukosa kuilipa. Barua ya idhini iko kwenye faili la mwalimu mkuu. Iombe uisome. Kama inataja "usalama na ustawi wa wanafunzi", ukuta umo, mshauri yumo, upinde sijui utaingilia wapi.

Mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi. Mwandikie leo au kesho, sentensi tatu, uombe jambo lako liingie kwenye ajenda. Ukilileta mkutanoni kwa ghafla utaambiwa lisubiri muhula ujao, na hawatakuwa wamekosea.

---

Mweka Hazina, Embakasi (Jumatatu mchana)

Dada, nakuunga mkono kuhusu geti, lakini naomba usiuguse ukuta. Mimi ni mweka hazina wa bodi ya shule nyingine upande huu. Mwaka juzi mtu mlevi alipita kwenye mabati yaliyotoboka akaingia darasa la Gredi ya 2 saa nne asubuhi. Hakumgusa mtoto yeyote, namshukuru Mungu. Alikaa tu kwenye dawati la nyuma akaanza kuimba. Mwalimu aliyekuwa mle ndani alikuwa mjamzito wa miezi saba. Wiki ile wazazi 30 na zaidi walihamisha watoto, na watoto waliobaki walikuwa wanageuka kutazama mlango kila upepo ukivuma. Ukuta nao ni ushauri nasaha wa aina yake, nakuambia kwa moyo wote.

Jambo la pili. Mwulize fundi kama hiyo 290,000 ina msingi wa kutosha. Huku kwetu Eastlands udongo mweusi unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Sisi tulijenga mawe ya Ndarugu juu ya msingi wa futi mbili, na ukuta ulianza kulala kabla rangi haijakauka vizuri. Tulibomoa mita tisa tukaanza upya. Fedha zile ndizo zingelipa mtu kama mshauri wenu mwaka mzima.

---

Mama wa Kayole (Jumatatu usiku)

Asante, Mwalimu. Nimekisoma kifungu cha 59 mara mbili kwenye simu, na leo jioni nimemtumia mwalimu mkuu barua. Amejibu, "Imepokelewa." Barua ya idhini ataniletea siku hiyohiyo ya mkutano.

Kaka wa Embakasi, umenifanya nifikiri. Nilikuwa tayari kusema hata ukuta ungoje. Sitasema tena. Wavulana wetu wa Gredi ya 9 wanapita kwenye mabati hayohayo kwenda kucheza pool, na wanaporudi hurudi na wenye kuwauzia vitu.

---

Mshauri, Githurai (Jumanne asubuhi)

Habari zenu. Mimi ni mshauri nasaha katika shule mbili, nagawa wiki. Naomba niseme kitu ambacho bodi nyingi hazikifikirii kabla ya kumwondoa mtu wa kazi hii.

Muulize mwenyekiti: mafaili yataenda wapi? Mshauri wenu ana kabati. Ndani yake kuna karatasi ambazo watoto waliandika wakiamini hazitasomwa na mtu mwingine. Akiondoka ghafla, kabati linabaki. Nimewahi kukuta kabati la namna hiyo limegeuzwa stoo ya chaki, karatasi zimekaa wazi juu ya ndoo. Msichana mmoja alijua maneno yake yamesomwa kwa sababu mwalimu alianza kumwonea huruma mbele ya darasa. Hakurudi shuleni muhula uliofuata.

Mtasikia pia kwamba "mwalimu wa zamu atafanya kazi hiyo". Walimu wanajitahidi sana, nawaheshimu. Lakini mwalimu yuleyule anasahihisha madaftari, anasimamia nidhamu, anampigia mzazi simu. Viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001 na sheria ya 2013 ikarudia katika kifungu cha 36, lakini sote tunajua watoto bado wana hofu. Mtoto hapeleki siri kwa mtu anayeshika kitabu cha makosa. Anahitaji mtu mzima mmoja ndani ya ua ambaye hana alama ya kumpa wala ya kumnyima.

Wakati mnaendelea kujadili, hakikisheni namba 116 imebandikwa mahali watoto wanaiona bila kuonekana wakiisoma, mlango wa choo kwa ndani ni bora kuliko ubao wa matangazo. Ni simu ya bure ya msaada kwa watoto. Haizibi pengo la mtu, ila usiku wa Jumamosi inapatikana na mshauri hapatikani.

Na ile lesoni moja ya malezi ya kichungaji, PPI, iliyo kwenye ratiba kila wiki? Mwombeni katekista na mshauri waigawane muhula huu. Haina gharama.

---

Mkenya wa Mississauga (Jumanne usiku)

Mama, nimesoma habari ya kandambili nikazima simu kwanza.

Niko Ontario, Kanada, na watoto wangu wako shule za Kikatoliki. Huku zinalipiwa na serikali ya jimbo, ni haki iliyotiwa kwenye katiba tangu 1867, na wajumbe wa bodi wanapigiwa kura kila miaka minne pamoja na madiwani. Bodi yetu inashika shule zaidi ya mia, si moja. Msidhani huku ni peponi: Juni 2025 serikali ya jimbo iliweka msimamizi juu ya bodi ya Kikatoliki ya eneo letu na ya Toronto pia, kwa sababu ya fedha. Kitu kimoja tu nilikipenda kabla ya hapo: mikutano ilikuwa wazi, mzazi aliomba nafasi ya kusema, na kulikuwa na wawakilishi wa wanafunzi mezani. Kura yao haikuhesabiwa, lakini walisikilizwa. Je, kwenu mwanafunzi anaingia?

---

Mwalimu Mstaafu (Jumatano asubuhi)

Anaingia. Kifungu cha 56 kinampa nafasi mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Shule nyingi za msingi hazimwiti, wakisema ni mdogo. Mama, muulize katibu kama barua ya mwaliko imemfikia.

Nilisahau jambo la fedha. Kifungu kile cha 59 kinairuhusu bodi kuwakodishia watu majengo ya shule kwa shughuli halali na kutoza ada. Mna ukumbi? Kayole kila Jumamosi kuna kamati ya harusi, matanga au chama kinachotafuta mahali pa kukaa.

---

Mwalimu wa Sanaa, sekondari msingi (Jumatano mchana)

Kuhusu muziki, kwa kifupi, maana umesema hujui uanzie wapi. Kundi la kwanza la mtaala mpya wa CBC liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na moja ya njia tatu walizochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto ambaye tangu Gredi ya 4 hajawahi kusimama jukwaani wala kupiga ngoma mbele ya jaji, njia hiyo ataichaguaje? Mwanao ataanza kuulizwa mwakani. Ni hapo pa kuanzia.

---

Mama wa Kayole (Ijumaa usiku)

Nimerudi. Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Tulikuwa watu kumi na wawili, pamoja na msichana wa Gredi ya 9 aliye kiongozi wa baraza la wanafunzi. Alikuwa hajaalikwa hata siku moja. Mwalimu mkuu alimwita Jumatano baada ya kuulizwa, na kwa haki yake niseme alifanya hivyo bila kinyongo.

Jambo langu lilikuwa la nne. Nilisoma kifungu cha 59. Mwenyekiti akasema tusigeuze bodi kuwa mahakama, na kwamba jubilei inakuja mara moja. Aliongea kwa ukali kidogo, nami mikono ilikuwa inatetemeka, nikaificha chini ya meza. Barua ya idhini ilisomwa. Imetaja "usalama, ustawi na mahitaji ya masomo". Ndipo nikamgeukia Paroko nikamuuliza kama Mwalimu alivyonifundisha, neno kwa neno.

Padre alikaa kimya. Kisha akasema alikuwa anajua geti lina mtu anayelilipia. Hakujua ni mchango wa wazazi. Alivua miwani akauliza mara mbili, "Hizi mia tano mia tano?" Akasema geti litangojea harambee ya parokia baada ya Misa, na kama halitafika jubilei basi tutasherehekea na geti la zamani lililopakwa rangi. Mwenyekiti hakufurahi.

Habari ya mwanangu sikuisema. Nilikuwa nimeipanga, lakini niliona ni yake, si yangu kuitoa mezani. Aliyesema ni yule msichana. Aliulizwa kama ana maoni, akasimama, akasema, "Pale kwa mshauri ndipo mahali pekee hapa shuleni ambapo unaweza kufunga mlango ukalia." Akaketi. Hakuna aliyeongeza neno kwa muda, hata feni ilisikika.

Zile 190,000 za geti ziligawanywa. Mshauri atalipwa Mei hadi Agosti, 72,000. Fundi alipigiwa simu palepale akakubali kwamba msingi alioupima ni mfupi, kwa hiyo 60,000 zimeongezwa kwenye ukuta (kaka wa Embakasi, ni wewe huyo). Zilizobaki, 58,000, zimewekwa hadi Septemba, na hapo mshauri atarudi mezani. Ukumbi utapangiwa ada. Mwakilishi wa walimu na mimi tumepewa wiki mbili kuuliza bei za majirani. Nataka Septemba ifike nikiwa na hela za ukumbi mkononi, ili asitegemee huruma ya mtu.

Muziki haukupata kitu. Nilisema yale ya Gredi ya 10, wakasikia, wakasema mwakani. Mwalimu wa Sanaa, samahani. Sijaliacha.

Kufuli la kabati nimelinunua leo Gikomba, Sh350. Funguo zote mbili nimempa mshauri.

Jioni mwanangu aliniuliza kama Jumatatu ile saa ya kumwagilia ipo. Nikamwambia ipo. Akasema basi atabeba jivu, kwa sababu magunia mawili ya mwisho yameingia wadudu tena.